Kadi Zenye Jina la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Kamusi. Hakulipenda jina hilo, lakini hakuwahi kulikataa. Alikuwa na miaka sitini na minane, mgongo ulionyooka kama wa mtu anayeingia darasani, na magoti yaliyoacha kumtii tangu mwaka juzi. Alikuwa amefundisha kwa miaka thelathini na minne, amekuwa mke kwa miaka arobaini na mmoja, na mjane kwa miezi kumi na tisa. Katika hesabu hizo tatu, ya mwisho ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo iliyomchosha zaidi.

Jumatatu hiyo alikuwa ameketi mezani tangu asubuhi, mbele yake bahasha kubwa kutoka kwa mchapishaji. Ndani yake zilikuwamo kurasa za kitabu cha marehemu mume wake, kamusi ya visawe aliyoihangaikia kwa miaka ishirini na sita. Kilichobaki ni kupiga chapa tu. Juu ya kurasa hizo palikuwa na karatasi moja peke yake:

"Mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba kila neno lililomo katika kitabu hiki lilisikika likisemwa na shahidi aliyetajwa."

Jina lake lilikuwa limekwisha andikwa chini ya mstari wa saini, herufi kwa herufi, bila kosa. Pembeni mhariri alikuwa amebandika kijikaratasi cha njano: "Mama, irudi kabla ya Ijumaa tafadhali. Mtambo unaanza saa nne asubuhi."

Alifungua kalamu, akaifunga. Akaifungua tena. Chai ikapoa ikafanya utando. Ilipofika saa saba alikuwa hajaandika hata nukta, na mkono ulimuuma kama aliyesahihisha madaftari ya shule nzima.

Shida yenyewe haiwezi kueleweka mpaka ieleweke kazi ya mume wake.

Mume wake alikuwa mwalimu wa Kiswahili kama yeye, na wanafunzi walimpachika jina la Mzizi. Hakuna neno lililopita mbele yake likasalimika. Aliandika ubaoni "mlinzi," akaufuta mwanzo wake, akaufuta mwisho wake, akabakiza "linz," akairudishia z hiyo d yake ya asili, "lind," kisha akaligeukia darasa.

"Haya, huyu analinda. Nani mwingine anafanya kazi hiyohiyo?"

Wanafunzi wakainamia madaftari.

"Mnalilia neno kama watoto waliopotezana na mama zao sokoni. Anayelinda mlango anafanya nini kutwa nzima? Anangoja. Haya, shikeni ngoja. Mvisheni m ya mtu. Tunapata nani?"

"Mngojaji!" "Mngoja!" "Mngojezi!"

"Ehee. Sasa mmekuwa wawili, watatu. Mwite na bawabu, mmefika wanne. M ni mtu, ki ni kitu, u ni hali. Ukiukosa mlango mmoja, zunguka nyumba."

Ndivyo alivyofundisha, na ndivyo alivyoishi. Mfukoni mwa shati hakukosa kadi, vipande vya karatasi ngumu alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye majalada ya mitihani iliyopita. Kila kadi ilikuwa na mistari minne: neno, mzizi, kisawe, shahidi. Shahidi ni yule aliyesikika akilisema neno lile kwa mdomo wake, bila kuulizwa. Mwashi, muuza maji, karani wa zahanati, mpita njia. Kadi yenye shahidi iliingia katika makasha ya viatu yaliyopangwa ukutani sebuleni. Ile isiyo na shahidi iliingia katika kasha moja tu, lililoandikwa ubavuni kwa wino mwekundu: WANGOJAO.

Humo yalikaa maneno aliyoyapata kwa mzizi kabla ya kuyapata kwa sikio. Aliweza kuamka, akanywa chai, akasema, "Egemea. Kuna egemeo. Basi kiegemeo lazima kipo. Kuna mdomo unalisema, sijaufikia tu." Akaliandika, akaliweka kwa Wangojao, akaanza kulitafuta. Lile alilipata baada ya miezi sita, kwa fundi ujenzi aliyekuwa akimgombeza mwenzake kuhusu ubao. Alirudi nyumbani mbio, viatu vimejaa saruji, akasimama mlangoni kama aliyeshinda mbio za dunia. Mkewe alimwambia avue viatu kwanza.

Shahidi wake mkubwa alikuwa mama yake mzazi. Bibi huyo alihamia kwao na kukaa katika chumba cha nyuma miaka kumi na mmoja, mpaka alipofariki. Shule aliishia darasa la tatu, lakini kusema alianza akifumbua macho. Mwanawe alikaa kizingitini na kadi zake, akimsikiliza akigombana na vyombo. "Wewe, hicho ni kizibo, kinaziba tundu la chupa. Nimekuomba kifuniko, nifunike sufuria. Au na wewe umezeeka?" Kalamu ikakimbia. Ziba kwa tundu, funika kwa mdomo. Ndugu wawili wasiofanana sura. Bibi akamwona. "Mtoto wewe, nilikuzaa ili uniandike?"

Kisha bibi akafariki, na mwaka mmoja baadaye mwanawe akapata kiharusi. Hakikuwa kikali. Kilimwachia ulimi na akili, kikamchukulia miguu na nusu ya mkono. Miaka mitatu alikaa dirishani akiandika kadi kwa mwandiko uliokuwa umelewa. Alikumbuka maneno ya mama yake, akayaandika na kumtaja shahidi. Hayo yalikuwa halali. Alitunga mengine kwa mizizi, na hayo yakaingia kwa Wangojao. Lakini sasa hapakuwa na wa kwenda kuyatafuta. Kasha likajaa mpaka kifuniko kikawa hakikai.

Mkewe alikuwa na nyumba ya kufagia, dawa za kukumbuka, na mtu mzima wa kumwinua mara nne kwa siku. Hakutoka. Mara moja alimwuliza, "Na zile za kasha la wino mwekundu?"

"Zile bado," alisema mumewe. Maneno mawili tu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, mjane aliyafungua makasha ili ayapeleke kwa mchapishaji, na kwa mara ya kwanza akaona kwa macho ya mgeni. Kadi za miaka ile mitatu zilikuwa zimekwaruzwa, mistari imepanda na kushuka, wino umemwagika. Yeye hakuwahi kutoka nje na nguo isiyopigwa pasi hata siku ya kwenda dukani. Watu wasiomjua mume wake wazishike kadi hizi, wacheke mwandiko wake? Hata kidogo. Akakata karatasi mpya, akaketi, akaanza kuzinakili moja moja kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka kama foleni ya gwaride. Pale mumewe alipoandika shahidi "Mama," yeye aliandika "Mama mkwe."

Alinakili kwa siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu akafika kwa Wangojao.

Kadi mia moja na ishirini na saba. Neno, mzizi, kisawe, na mstari wa nne mtupu. Mchapishaji alikwisha mwambia: kadi isiyo na shahidi haitachukuliwa. Ya kwanza ilikuwa "kipumzikio." Aliiangalia sana. Kwake lile halikuwa neno tena. Ilikuwa miguu ya mume wake iliyoshindwa kufika. Akaisikia sauti ya mama mkwe wake kichwani, wazi kabisa, ikisema, "Nisogezee kipumzikio changu hapo juani." Akaandika kwenye mstari wa nne: Mama mkwe.

Ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Kabla jua halijatua kasha lilikuwa tupu. Kadi mpya alizichanganya na zile halali kwa mpangilio wa alifabeti, kama inavyotakiwa. Kadi kuukuu alizokwisha nakili, za kweli na za Wangojao, alizifunga kwenye mfuko, na watu wa taka wakazichukua Jumatano.

Sasa karatasi ilimtaka athibitishe.

Jumanne alibeba bahasha, akaenda kwa wifi yake. Alikuwa na tumaini moja la kijinga, na alijua kuwa ni la kijinga: huenda bibi aliyasema kweli. Huenda wifi huyo, binti yake, angeyasoma na kusema, naam, huyo ndiye Mama.

Wifi yake alikuwa mshonaji. Sebule yake nzima ilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, nguo za wateja zimening'inia kama watu wanaosubiri kuhudumiwa.

"Hodi, fundi."

"Nani? Wifi! Ingia, kanyaga tu, hayo ni mabaki. Leo umekumbuka kwamba kaka yangu alikuwa na dada?"

"Nimekumbuka kwamba nina wifi mwenye maneno."

"Maneno nimewaachia nyinyi wasomi. Mimi nina uzi. Kaa hapo, lakini angalia sindano, sitaki kesi."

Mama Kamusi akamwekea kurasa mapajani. "Mama yako yumo humu. Yumo mara nyingi."

Wifi yake akavaa miwani yake ya kutunga uzi. Mwanzoni alisoma huku uso umekunjuka. "Kizibo. Ndiyo, huyo! Mkongojo, kutoka kongoja. Ndiyo, alikuwa na huo mkongojo, ukichelewa kuitika unakuhusu." Akafunua ukurasa. "Kipumzikio. Kiti cha kupumzikia. Shahidi, Mama mkwe." Akainua macho. "Mama mkwe yupi?"

"Si mama yako?"

"Mama yangu mimi? Aliyekuwa akiita kila kitu hicho? Nipe hicho, weka kwenye hicho, mpelekee na yule hicho?" Akaanza kucheka. "Ngoja, ngoja. Kisubirio! Benchi la kusubiria. Mama hakuwahi kusubiri kitu tangu azaliwe. Na hii... kisinzilio! Wifi, kisinzilio! Mama ukimwambia umesinzia anakutukana mpaka majirani wanafunga madirisha. Ndiyo awe na neno la chombo cha kusinzilia?"

Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Alimtazama wifi yake ili wacheke pamoja. Kicheko kikamwishia njiani.

"Wifi."

"Naam."

"Kaka yangu alikuwa hawezi kusema uongo hata kwa daktari. Nani kaandika hizi?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakilia. Wote wawili walingoja upite.

"Mimi," alisema Mama Kamusi.

Akaeleza yote, kwa mpangilio, kama anavyotoa somo: kasha, mwandiko, mfuko wa taka. Wifi yake alisikiliza akivingirisha uzi kidoleni mpaka kidole kikageuka rangi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekwambia wewe."

"Basi limefika mwisho wa safari. Tia saini, peleka."

"Wifi, ni uongo."

"Ni uongo uliokwisha kuzikwa! Nani atakwenda kumwuliza Mama? Watachimba?" Akainamisha sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Sikiliza. Kaka yangu amejinyima maisha yake yote kwa kitabu hiki. Ukienda kusema, hawatasema mjane alikosea. Watasema kitabu cha Mzizi kina maneno ya kuokota. Na wewe watasema nini? Mwalimu aliyekuwa akiwachapa watoto kwa kunakiliana! Jina hili la mjomba wao ndilo wanangu wanalojivunia. Usituanike."

Hilo la kuwachapa watoto lilimwingia. Ni kweli aliwachapa. Alijulikana kwa hilo.

"Nimesikia," alisema, akakusanya kurasa zake.

"Umesikia, au umenielewa?"

"Nimesikia, wifi. Nimechoka. Nakwenda nyumbani."

Jumatano hakufanya lolote. Alifua mashuka mawili yasiyokuwa machafu. Alikaa dirishani alipokuwa akikaa mume wake, akajaribu kuitafutia visawe hali yake, maana ubongo uliofundishwa hivyo hauachi hata ukiuomba. Choka: uchovu. Legea: ulegevu. Nyong'onyea: unyong'onyevu. Kila mzizi ulimpa neno, na kila neno lilikuwa dogo kwake. Maisha yake yote alikuwa amelilinda jina la nyumba hii. Hakuwahi kuingia kwenye ugomvi wa mtaa, wala kumruhusu mtu aondoke kwake na neno baya la kubeba. Na sasa waliomwambia alilinde walikuwa wawili, na hawakubaliani. Mmoja alisema tia saini. Mwingine alisema, zile bado.

Alhamisi akapiga moyo konde, akavaa gauni lake la kijivu na viatu vya kufunga, akaenda ofisini kwa mchapishaji. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Ngazi zilikuwa thelathini na nane. Alizihesabu, akipumzika kila baada ya kumi na kujifanya anasoma matangazo ukutani.

Mhariri alikuwa mwanamke kijana mwenye vikombe vitatu vya chai mezani, vyote nusu. Aliruka kutoka kitini.

"Mama! Jamani, si ungepiga simu tukamtuma mtu? Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nikae."

"Kaa, kaa hapa. Yaani, Mama, hapa ofisini bibi yetu tunampenda sote. Kila asubuhi tunasalimiana kwa maneno yake. Yule wa chumba cha mbele akichelewa kuja tunamwuliza, umetoka kwenye kisinzilio chako? Tumempangia bibi ukurasa wake mwanzoni kabisa. Una picha yake?"

Mama Kamusi aliiweka karatasi mezani. Mhariri akaivuta, akaona mstari mtupu.

"Umesahau saini, Mama. Kalamu hii hapa."

"Sikusahau." Akaikunja mikono juu ya mkoba. "Baadhi ya zile kadi zenye jina la mama mkwe, maneno hayo hakuyasema. Ushahidi niliutunga mimi."

Mhariri alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha wa kiutu uzima. Kisha tabasamu likabaki peke yake usoni, halina kazi.

"Ngapi, Mama?"

"Mia moja na ishirini na saba."

"Sawa." Akavuta daftari. "Sawa. Nitajie, tuzitoe. Leo hii tunazimaliza."

"Hapo ndipo penye kazi. Siwezi kuzitaja. Nimezinakili zote kwa mwandiko mmoja, za kweli na hizo. Nyingine nazikumbuka. Nyingi sizikumbuki tena."

"Zile za mwanzo ziko wapi, zenye mwandiko wa Mzee?"

"Nilizitupa."

"Ulizitupa?"

"Hazikuwa safi," alisema Mama Kamusi, na ni hapo tu sauti yake iliposhuka.

Mhariri hakumgombeza. Angefokewa ingekuwa nafuu. Kufokewa angejua la kufanya. Kijana yule alichora visanduku pembezoni mwa daftari, kisha akauliza pole pole, "Mama, niambie moja tu. Mzee alijua?"

"Hapana. Yeye alisema zile bado. Alikuwa mkali sana na jambo hilo. Hilo liandike, mwanangu. Liandike mwanzoni, hapo ulipotaka kumweka bibi. Andika kwamba mwenye kitabu hakukosea, aliyenakili ndiye aliyekosea."

"Nitaje na jina?"

Alikuwa amejiuliza swali hilo katika kila ngazi, na alikuwa bado hajapata jibu alipofika juu.

"Litaje," alisema.

Mhariri akafungua orodha. Kadi zilizonakiliwa zenye shahidi Mama mkwe zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Alieleza bila kumtazama machoni: zote zitatoka, isipokuwa zile atakazojitokeza mtu aliye hai, aliyelisikia neno lenyewe kwa masikio yake kinywani mwa bibi. "Na wewe pia unaruhusiwa, Mama, kama ulisikia na una hakika. Nakuamini." Kazi ya mtambo itasogezwa mbele wiki moja. Zaidi ya hapo hawezi.

"Karibu mia mbili katika hizo ni za kweli," alisema Mama Kamusi.

"Najua, Mama."

"Alizikumbuka akiwa dirishani. Moja baada ya nyingine."

"Najua. Pole."

Akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Alipofika nyumbani alimpigia simu wifi yake, akamweleza kwa sentensi tatu. Wifi yake alisema, "Haya, umeridhika," akakata.

Jumamosi saa tatu asubuhi mlango uligongwa bila hodi. Wifi yake alisimama nje, ameshika mto mdogo wa kukalia na miwani yake ya kutunga uzi.

"Sijaja kwa ajili yako," alisema. "Tusielewane vibaya. Nimekuja kwa ajili ya Mama. Ziko wapi?"

Zilikuwa mezani tayari. Mhariri alikuwa amezirudisha Ijumaa, zimefungwa kwa mipira, pamoja na ile karatasi ya uthibitisho. Wakaketi wakitazamana. Kulia waliweka kasha la zinazobaki, kushoto la zinazotoka. Mama Kamusi alisoma, wifi yake alihukumu.

"Mfuto."

"Hapana."

"Kionjo."

"Ndiyo. Kila akipika. Nipe kionjo, nisije nikawaua na chumvi. Weka kulia."

"Kitembeleo."

"Hebu! Hicho kaka kajitungia mwenyewe, namsikia kabisa. Kushoto."

"Mnong'ono."

"Hili kila mtu analisema."

"Lakini yeye alilisema?"

"Mama kunong'ona alijulia wapi? Kushoto."

Mara mbili wifi yake alicheka, mara moja akaigeuzageuza kadi mkononi, akaiweka kulia bila kusema alikumbuka nini. Lakini jinsi walivyozidi kwenda, ndivyo kasha la kushoto lilivyozidi kupanda. Sababu ilikuwa moja, na wote wawili waliiona bila kuitaja. Ile miaka kumi na mmoja ya chumba cha nyuma, binti alikuwa kwake, na mume, na watoto, na cherehani. Maneno ya miaka hiyo walioyasikia ni watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa kaburini.

"Hili silijui," wifi yake alisema kwa kadi ya ishirini, ya arobaini, ya mia. "Silijui. Wewe je?"

Na Mama Kamusi akatikisa kichwa. Machache aliyakumbuka na mahali pake: bibi amesimama wapi, ameshika nini, nani alikuwapo. Hayo aliyapokea. Mengine yote aliyaacha yaende kushoto, na kila lilipoanguka alisikia mlio mdogo wa karatasi ngumu, akamwona mume wake dirishani akilikumbuka, akinyoosha mkono ule mzima kutafuta kalamu.

Saa tisa alasiri ilibaki kadi moja.

"Kichungulio," alisoma. "Mzizi, chungulia. Kisawe, kidirisha. Shahidi, Mama mkwe."

"Silijui. Nilikuwa nimekwisha olewa."

Mama Kamusi hakuitua. Chumba cha nyuma kilikuwa na kidirisha juu ya kitanda, kisichozidi upana wa sahani. Na sauti ilikuwa pale, ya kukwaruza, yenye haraka: funga hicho kichungulio, baridi inaniingia mpaka kwenye meno. Aliuona hata mkono ulioonyesha.

"Mimi nalisikia," alisema.

"Basi weka kulia. Tumalize."

"Nalisikia kabisa. Alikuwa amelala upande. Ilikuwa asubuhi."

"Sasa unangoja nini? Una hakika, au huna?"

Alikuwa ameisikia sauti hiyohiyo ikiomba kipumzikio chake juani. Alikuwa ameisikia mara mia moja na ishirini na saba, wazi hivihivi, na kila mara mkono ulionekana ukionyesha kitu. Aliigeuza kadi, akatazama nyuma yake, ingawa alijua kwamba nyuma hapana kitu. Mwandiko ulikuwa wake, mzuri, hauna doa.

"Sina," alisema, akaiweka kushoto.

Wifi yake akamtazama juu ya miwani. Akazihesabu za kulia mara mbili, akilamba kidole kila baada ya kumi. Sitini na moja. Akaiandika namba hiyo kwenye karatasi ya uthibitisho, akaisukuma mezani pamoja na kalamu.

Mama Kamusi akatia saini. Kisha akabaki ameketi vilevile, mikono juu ya meza, mpaka wifi yake alipoinuka mwenyewe kwenda kutazama kama kuna maji ya moto ya chai.